Feni ya Laptop ya Noela

Masumbwe, Mbogwe
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kile kifua kilichokuwa kikikusumbua tulipoachana kimeshapoa, na kwamba Violeth, Benjamini na wote wa hapo Tinde hawajambo. Sisi huku ni wazima. Eunice anakusalimu. Meno yake ya mbele yameng'oka, anaongea kwa kupuliza, na ukimcheka anafunga mdomo na kukataa kula. Anasema nikuulize kama yule mbuzi mwenye masikio marefu ameshazaa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu simu, Mama. Nilipiga nikakusikia unaitika, nikaishia kuuliza habari za mvua. Kuja kukaa mbele yako nikayasema nako hakuwezekani, maana wewe ni mkwe wangu, na tangu nioe nimekuwa nikikusalimu nimeinama pembeni ya njia, na nikija kwako chakula naletewa nyumba nyingine. Sijawahi kulalamikia heshima hiyo. Lakini ninayotaka kusema ni marefu, na karatasi peke yake ndiyo inayoweza kuingia mpaka unapokaa.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kidogo kimekunjwa na kubandikwa selotepu. Nakuomba usikifungue kwanza. Kiweke mezani, usome mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya ile laptop ya marehemu.

Unakumbuka siku tulipoondoa tanga, vitu vya Noela vilivyotandazwa juu ya mkeka hapa uani kwetu. Shangazi Esta ndiye aliyekuwa akigawa. Vitenge vikaenda kwa mama zake wadogo, viatu kwa binti wa shemeji Benjamini, kisha sanduku, sweta, mkoba, hata kitana. Lile blanketi jekundu tulilokuwa tukijifunika Shangazi alilichukua mwenyewe, akalikunja na kulikalia ili mtu asije akaliomba. Mimi na Eunice tulikuwa tumenyolewa, nimempakata upande wa wanaume, naitikia kila kitu. Ndivyo inavyofanywa. Mgane hatakiwi kubaki amezungukwa na vitu vya aliyekwenda, asije akashindwa kuendelea. Jioni nilipoingia ndani nilikuta msumari aliokuwa akitundikia mkoba upo ukutani, mtupu. Nikatundika kofia yangu, nikaitoa.

Ilipofika zamu ya laptop ukasema wewe mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba Noela alimwahidi mdogo wake kuwa siku akinunua nyingine, hiyo itakuwa yake, na kwamba Violeth yuko chuoni, mwaka wa mwisho unataka ripoti. Hakuna aliyebisha. Benjamini akaiwasha aone kama ni nzima. Ikawaka, ikaunguruma, na kabla hajamaliza kuwaonyesha watu picha za kipaimara cha Violeth ikazima. Akaigeuza, akaondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria. Akasema haina ubaya, inachemka tu, inataka kile kibao chenye feni kinachowekwa chini yake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. Nikasema niachieni, feni nitaitafuta mimi, Violeth asipelekewe kitu kibovu. Shangazi Esta akasema Noela alipata mume. Wewe ulifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hiyo ilikuwa Machi. Baada ya Pasaka niliwapigia simu, nikawaambia kwamba Masudi, yule fundi wa simu na kompyuta hapa stendi, ameifungua laptop na hakuona tatizo lolote ndani. Kilichobaki ni kupata feni nzuri. Naomba ulikumbuke neno hilo. Nitalirudia.

Feni ya kwanza niliiona hapahapa Masumbwe, kwa Luka anayeuza chaja na makava ya simu. Ilikuwa kibao cheusi cha plastiki, feni moja kubwa, na taa ya bluu inayowaka ikizunguka. Waya wake unachomekwa kwenye tundu la flashi, laptop yenyewe ndiyo inayoilisha umeme. Luka aliiwasha akanishikisha kiganja. Ilikuwa na upepo kuliko nilivyotegemea. Nikasema ina kelele. Luka akacheka, akasema Baba Eunice, wewe unashinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kelele hii umeisikiaje. Nikasema basi taa itamuumiza Violeth macho. Akabonyeza swichi, taa ikazima, feni ikaendelea. Nikasema nitapita tena. Nikamtumia Violeth ujumbe kwamba za Masumbwe hazifai, nitaangalia Kahama.

Kahama nilienda na lori linalopeleka mchele wa bosi wangu. Kuna muuza vifaa anaitwa Eustace, mtu wa maneno, alinipangia feni kwenye kaunta kama anayepanga sato. Nilimuuliza feni imekaa upande gani, maana laptop ya Noela inavuta hewa kwenye kona ya nyuma, na ukipuliza mahali pasipo na matundu ni kazi bure. Lilikuwa swali la kweli, na hata Eustace aliliheshimu. Akaleta yenye feni ndogo kila kona. Nikasema itamaliza chaji. Akaleta ya wavu wa chuma. Nikasema nzito kwa msichana anayebeba begi mgongoni. Akaleta inayoinuka nyuma kama meza ya mchoraji. Nikasema miguu yake itavunjika. Akaleta kidude kingine kinachobanwa ubavuni, chenyewe hakipulizi, kinanyonya hewa ya moto na kuitupa nje. Nikasema hicho sikiamini. Mwisho akawaita wenzake waje waone mtu anayechagua feni kama anachagua mchumba, anaulizia mpaka ukoo. Wakacheka wote, na mmoja akataka kujua mchumba wa kwanza alikosa nini. Eustace akaangalia kichwa changu, akaona nywele zinavyoota fupi sawasawa pande zote, akaacha kucheka. Akaanza kuzirudisha kwenye maboksi polepole.

Geita nako nilipita, nikakosa nilichodai kukitafuta. Buseresere nilifika siku ya gulio, nikaikuta moja imekaa juani juu ya turubai, kati ya redio na tochi za kichwani za wachimbaji. Muuzaji akasema ilikuwa ya msimamizi wa duara la kuchimbia dhahabu aliyekuwa akiangalia mpira kambini, imekaa kwenye vumbi la mawe yanayosagwa na bado inazunguka. Nikaigeuza geuza, nikasema vumbi limeingia kwenye feni, sichukui kitu chenye uchafu ndani. Nilisema hivyo, Mama, bila kupepesa macho.

Kila nilikotoka Violeth alikuwa akiniandikia. Shem, hata ya feni moja inatosha. Shem, wenzangu wanaweka vifuniko vya soda chini ya laptop zao ipite hewa, na mimi nitafanya hivyo. Shem, naomba tu ije. Nilikuwa namjibu kwamba kitu kizuri hakitaki haraka, avumilie, dada yake asingependa apewe cha ovyo. Nililitumia jina la dada yake.

Yaliyompata unayajua kuliko mimi. Aliandika ripoti kwenye steshenari za watu pale Shinyanga mjini, anakaa foleni na wanaochapa kadi za harusi, na siku umeme ulipokatika sura nzima ikapotea. Akachelewa kukabidhi. Jina lake likahamishiwa kwa watakaomaliza mwakani. Niliposikia nilikuwa kwenye mashine, nikaacha gunia la mtu likamwagika.

Nilitegemea mnilaumu. Badala yake Benjamini alikuja na kiroba cha michembe ya viazi vitamu. Akasema Mama ameikausha mwenyewe, anasema Baba Eunice asijisumbue tena na mambo ya feni, amezunguka Geita nzima kwa ajili ya shemeji yake, na lililotokea si kosa lake. Akasema jumuiya yenu mmeniombea kwa jina. Eunice akaipenda ile michembe, anaila hata bila kuchemshwa, anatembea nayo mfukoni. Mimi nilitia kipande mdomoni, nikakitema, nikamwachia yeye kiroba chote.

Sasa narudi kwenye lile neno nililokuomba ulikumbuke.

Masudi aliifungua laptop kabla sijakanyaga dukani kwa Luka. Na hakusema haina tatizo.

Alilegeza skrubu za chini, akainua kifuniko, akaniambia nisogee nione. Pale hewa ya moto inapotokea palikuwa pamezibwa na kitu kama kipande cha zulia. Kilikuwa chekundu. Nilikijua kabla hajakigusa. Yalikuwa manyoya ya lile blanketi. Kipupwe kikifika Noela alikuwa hakai mezani. Alikuwa anapanda kitandani, blanketi mapajani, laptop juu ya blanketi, anachapa kazi za wateja wake, mikataba ya maduara, barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi. Nilimwambia mara nyingi kwamba mashine ile inavuta hewa kwa chini, kwamba hata mota yangu pumba zikiiziba inaungua. Akaniuliza, na mimi je, mimi sihitaji joto. Huku ananichomekea miguu yake ya baridi. Kazi ya kuchapisha ikiwa ndefu alikuwa anafungua kitambaa cha kichwa, anachana nywele akiangalia karatasi zinavyotoka.

Masudi alikivuta kidogo kile kitu kwa kibanio chake. Ndani ya ule wekundu mlikuwa na nywele. Nyeusi, ndefu, zimeshikana na yale manyoya kama zimefumwa. Moja ilikuwa imejizungushia kwenye mhimili wa feni ndogo ya ndani.

Akachukua brashi na kile kipulizio chao cha vumbi. Nikamshika mkono. Nikamwambia afunge. Akadhani sijamwelewa, akanieleza taratibu kwamba hii ndiyo shida yenyewe, kwamba nikiifunga hivi hata nikiiwekea mashine inayopeleka hewa duarani haitapoa. Nikasema najua. Mimi ni mtu wa kukoboa mpunga, Mama, hilo sihitaji mtu wa kunifundisha. Akanitazama, akakitazama tena kile chekundu, akauliza kama ni cha Mama Eunice. Nikaitikia kwa kichwa. Akarudisha skrubu zote.

Kwa hiyo kote nilikopita nilikuwa najua hakuna feni itakayoipoza. Na kama ningenunua yoyote, Violeth angeichukua, ingemzimikia, angeipeleka kwa fundi wa Shinyanga, na fundi yule angepuliza ule uchafu nje ya mlango wake bila kujua amepuliza nini. Hilo ndilo nililokuwa nalizuia. Makosa yote niliyoyaona kwenye zile feni, kelele, taa, uzito, vumbi, yalikuwa yangu.

Nitakuambia na hili ili pasibaki kitu. Jumamosi mchana, Eunice akiwa kwenye mafundisho, nilikuwa naiwasha. Inaunguruma vilevile kama nilivyokuwa nikiisikia nikiwa uani naosha vumbi la mashine, nikajua yuko ndani, anafanya kazi. Naweka kiganja chini yake mpaka ishike moto. Ikizima naifunga na kuirudisha kabatini. Sikufungua kazi yake wala picha hata moja. Nilikuwa nataka ule moto tu. Na wakati mimi nimekaa hivyo, mtoto wako alikuwa amesimama kwenye foleni ya steshenari.

Siwalaumu kwa kugawa vitu. Mligawa kwa haki, na ningekuwa na ujasiri ningesema mbele ya watu, naombeni kitana. Nadhani mngenipa. Sikusema, na nilichonyamazia siku ile nimekichukua kwa mlango wa nyuma, nikamlipisha Violeth mwaka wake.

Baada ya ile michembe nilirudi kwa Masudi. Nilimwomba jambo moja, asipulize. Akazima pangaboi lake, akafunga mlango wa kibanda, wateja wakabaki nje wanagonga na kuuliza kama amelala. Akakitoa kile kipande kwa kibanio, kizima kizima, akakilaza juu ya karatasi kama anayehamisha kifaranga. Ile nywele ya kwenye mhimili ilimchukua muda mrefu. Nilimwambia aikate tu. Akasema haikatwi, ina mwanzo wake, ni kuutafuta. Akaufuata mpaka akaufikia, akaifungua yote.

Halafu akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akafunga, akaiwasha, akaiacha inacheza nyimbo za kwaya asubuhi yote. Haikuunguruma. Niliweka kiganja chini, pakawa kama ubao wa meza. Masudi akasema imepona. Nikamshukuru. Nikaweka tena kiganja, kisha nikakiondoa, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akaniuliza kama nataka maji.

Nilipotoka hapo nilienda kwa Luka. Ile feni ya taa ya bluu ilikuwa bado ipo, boksi limefifia kwa jua. Luka akasema alijua nitarudi, ila hakujua nitarudi na mvi. Nimeipima na laptop, na feni yake inafika kwenye ile kona inayovuta hewa. Masudi anasema sasa hata isipowekwa inaweza kwenda, lakini kwa joto la Shinyanga mwezi wa kumi ni vizuri iwepo. Benjamini anapita huku Alhamisi kuchukua mpunga, atakuja na vyote viwili pamoja na barua hii. Mwambie Violeth aiweke mezani. Kitandani hapana, hata baridi ikiwaje. Ila usimwambie kwa ukali.

Barua hii ukishaisoma mpe naye aisome. Sitaki akusikie wewe ukinitetea. Mwaka wake sina namna ya kuurudisha, na sitamwomba aseme ni sawa. Kama mtaona niitwe kwenye kikao nitakuja, na nitakaa mtakaponionyesha. Ninaloomba ni Eunice aje kwako likizo ya Desemba kama tulivyopanga, hata kama mimi mtasema niishie barabarani. Yeye hana habari ya haya. Nywele zake zimeota, Mama. Juzi jirani yetu Hosiana alimsuka kwa mara ya kwanza tangu anyolewe, akaja kunionyesha, na kisogo ni kile kile cha mama yake.

Nisalimie Shangazi Esta, mwambie sina kinyongo juu ya blanketi, alitumie vizuri. Msalimie Benjamini na nyumba yake, na wale akina mama wa jumuiya walioniombea. Ukiona vema waambie waendelee, ila sasa wajue wanaomba nini. Kifua chako usikipuuze, na asubuhi usitoke kuchota maji kabla jua halijapanda.

Ndani ya kile kikaratasi kuna kile alichotoa Masudi. Nimekileta chote. Nilitaka kubakiza uzi mmoja, nikaona nitakuwa nimeanza upya. Noela alikuwa wako kabla hajawa wangu, na ni wewe wa kusema kifukiwe au kikae. Ukinirudishia hata kidogo nitakipokea kwa mikono miwili. Usiponirudishia nitanyamaza, na safari hii nitakuwa nimenyamaza kweli.

Kifungulie chumbani, Mama, dirisha likiwa limefungwa, pasipo na upepo.

Ni mimi mwanao,
Edson, Baba Eunice